Gari la umeme la familia: namna ya kulinunua, kulihudumia na kuijua bei yake ya kweli

Ukitaka kununua gari la umeme la familia usianze na rangi wala ukubwa wa skrini, anza na hili: gari litalala wapi, na hapo litakapolala pana umeme wa uhakika? Mwenye soketi nzuri pale anapopaki usiku hata gari la betri ndogo litamtosha na atalipenda, ila asiye na pa kuchaji nyumbani hata umpe betri kubwa kuliko zote atakuwa anapanga foleni kwenye chaja za njiani, na huko yuniti mara nyingi ni ghali kuliko ya nyumbani, kwa hiyo faida yote aliyoifuata inayeyuka. Mi na mke wangu tuna watoto watatu, sasa hivi tuko kwenye gari la pili la umeme, na yote mawili yametuonyesha kwamba bei ya gari la aina hii haiko kwenye karatasi ya muuzaji, iko kwenye soketi yako na kwenye afya ya betri. Ukizijua hizo mbili vizuri mengine yote yanahesabika.

Hesabu ya usiku mmoja

Yuniti moja unayoilipia ya umeme ndo kilowati-saa moja, na betri ya gari inapimwa kwa kipimo hichohicho, kwa hiyo ukisikia gari lina betri ya 40 au ya 60 we elewa ni yuniti 40 au 60 zinazoingia humo. Gari la familia la saizi ya kawaida linakula yuniti 15 mpaka 18 kwa kilomita 100, yale makubwa ya juu yanafika 20 na kuzidi. Alafu kuna umeme unaopotea kati ya ukuta na betri, kama asilimia 10 mpaka 15 hivi ukichaji nyumbani, na huo mita yako inauhesabu hata kama gari haliuoni. Ndo maana mi kwa gari letu huwa napiga yuniti 18 kutoka ukutani kwa kila kilomita 100, sipigi zile 16 zinazoonyeshwa kwenye dashibodi.

Sasa chukua soketi ya kawaida ya volti 230 na chaja ya kubeba inayovuta ampea 10, hapo unapata kilowati 2.3. Gari likilala limechomekwa masaa kumi limevuta yuniti 23, gawanya kwa 18 unapata kilomita 125 hivi. Familia inayozunguka kilomita 50 kwa siku, shule, kazini na kurudi, inahitaji yuniti 9 tu, masaa manne ya soketi basi. Watu wengi hili hawaliamini mpaka waone wenyewe, wanadhani bila chaja kubwa ukutani gari halitembei. Kwenye nchi za umeme wa volti 120 ndo soketi inakuwa dhaifu kweli, inatoa kilowati 1.4 hivi, na huko chaja ya ukutani inakuwa karibu ya lazima.

Chaja ya ukutani ya ampea 32 kwa fazi moja inatoa kilowati 7.4, betri ya 40 inajaa kwa masaa sita hivi. Kuna za fazi tatu za kilowati 11 na 22, ila hapa usikimbilie namba kubwa, maana kwa umeme wa nyumbani chaja yenyewe iko ndani ya gari, kile kinachoning'inia ukutani kazi yake ni kuruhusu umeme upite na kuukata pakiwa na hatari. Gari likiwa na uwezo wa kupokea kilowati 6.6, hata ulifungie ya 22 litachukua 6.6 tu na hela yako imekaa ukutani bure. Uliza kwanza gari linapokea ngapi ndo ununue chaja.

Na tafadhali usifanye mchezo na waya. Soketi nyingi hazikutengenezwa zibebe mzigo mzito masaa kumi mfululizo kila usiku. Ita fundi umeme anayejua, avute waya wake pekee kutoka kwenye boksi la breka, aweke breka yake na ile ya kukata umeme ukivuja, apime na waya wa ethi kama unafanya kazi kweli, maana magari mengi yanakataa kuchaji ethi ikiwa mbovu na yana haki. Ekstensheni ya kukunjakunja usitumie kabisa. Ukishaanza kuchaji, baada ya saa moja nenda kaishike plagi, ikiwa ya uvuguvugu sawa, ikiwa ya moto wa kukufanya utoe mkono chomoa na umwite fundi, usiseme kesho.

Kilomita za kwenye tangazo

Hapa ndo watu wengi wanakosea bajeti. Kila soko lina njia yake ya kupima gari linaenda umbali gani, na njia hizo hazifanani hata kidogo. Mfano mzuri ni Nissan Leaf ya betri ya 40, gari lilelile moja: kwa kipimo cha zamani cha Japani kinachoitwa JC08 linaandikwa kilomita 400, kwa kipimo cha WLTP kinachotumika Ulaya ni 270, na kwa kipimo cha EPA cha Marekani ni 243. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandika 400 uliza ni 400 ya kipimo gani. Mi nafanya hivi: ya EPA naiamini ilivyo, ya WLTP napunguza asilimia 10 mpaka 20, na ya JC08 au ile CLTC ya China nakata theluthi moja na zaidi kidogo. Hapo hujaweka abiria watano, mizigo, milima na barabara kuu.

Barabara kuu ndo inakula kuliko vyote. Nguvu ya upepo inayolipinga gari inakua kwa mraba wa mwendo, ukitoka 90 kwenda 120 kwa saa upepo unakusukuma nyuma kwa karibu asilimia 78 zaidi, wakati mwendo wenyewe umeongeza theluthi tu. Boksi la mizigo juu ya paa nalo ni hivohivo, kama hulitumii livue. Baridi nayo inapunguza, kwanza betri yenyewe inakuwa nzito kutoa umeme, alafu hita ya aina ya zamani inavuta kilowati kadhaa kwa ajili ya kupasha moto ndani tu. Kama mnaishi kwenye baridi tafuta gari lenye pampu ya joto, yaani ile inayopasha ndani kwa umeme mdogo kuliko hita, na viti vya kupasha moto vitumie sana kwa sababu kiti kimoja kinakula wati chini ya mia hivi, ni kidogo mno ukilinganisha na hita.

Kwa hiyo ununue betri kubwa kiasi gani? Ushauri wangu, na hapa najua wengine hawatakubaliana na mimi: nunua kwa ajili ya wiki yako, usinunue kwa ajili ya safari moja ya mwaka. Chukua daftari, andika kilomita za kila siku kwa wiki mbili, tafuta siku iliyokuwa ndefu kuliko zote, zidisha mara mbili. Hiyo ndo umbali halisi unaouhitaji, na ukiuzidisha hivo umeshaacha nafasi ya betri kuchoka miaka ijayo, ya baridi, na ya kutolijaza mpaka juu kila siku. Sisi siku ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 95, tukatafuta gari la uhakika wa 190 na mpaka leo halijatuacha njiani. Ile safari ndefu ya mwaka unasimama kuchaji mara mbili tatu, na ukiwa na watoto ungesimama tu, wao hawavumilii masaa matatu bila choo.

Betri, hapo ndo ukae chini usome

Kuna familia mbili kubwa za betri utakazokutana nazo. Ya kwanza ni zile zenye nikeli, wanaziita NMC, zinabeba umeme mwingi kwa uzito mdogo ila hazipendi kukaa zimejaa mpaka juu. Ya pili ni LFP, zenye chuma na fosfati, nzito kidogo kwa umeme uleule, lakini zinavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na haziwaki moto kirahisi, ile Blade ya BYD iliyotoka mwaka 2020 ni ya aina hii na Tesla nao wanaitumia kwenye baadhi ya magari yao. Uliza gari lako lina ipi kwa sababu matunzo yake ni tofauti. Yenye nikeli weka mwisho wa chaji kwenye asilimia 80 kwa siku za kawaida, 100 ni ya asubuhi ya safari tu. LFP yenyewe ijaze mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki, maana volti yake haibadiliki sana katikati, kompyuta ya gari inapoteza hesabu na inaweza kukuambia umebaki na 15 wakati huna kitu.

Mengine ni ya wote. Adui wa betri ni joto pamoja na kujaa, kwa hiyo usilipaki juani siku tatu likiwa 100. Ukisafiri wiki kadhaa liache kwenye 50 hivi, usiliache limechomekwa limejaa na wala usiliache limeisha. Chaja za haraka za DC ni za safari, ukizitumia kila siku kwa uvivu unaichosha betri bila sababu, hasa gari ambalo betri yake haipozwi kwa maji. Leaf zilianza kutoka mwishoni mwa 2010 bila mfumo wa kupoza betri kwa kulanti, na zilizoishi kwenye joto kali zimechoka haraka kuliko zilizoishi kwenye baridi, hili linajulikana na ukiwa unanunua Leaf ya mtumba uliza imetoka sehemu ya hali ya hewa gani kabla hujauliza maileji.

Ila msiogopeshwe kupita kiasi. Kampuni ya Geotab inayofuatilia magari ya biashara ilichapisha mwaka 2024 kwamba magari iliyoyapima yalikuwa yanapoteza wastani wa asilimia 1.8 ya betri kwa mwaka. Kwa kasi hiyo gari la miaka kumi bado lina asilimia 80 na kitu, lakini wastani ni wastani, gari unaloliangalia wewe linaweza kuwa zuri zaidi au bovu kabisa, kwa hiyo lipime.

Namna ya kupima gari la mtumba

Gari letu la kwanza tulilinunua kwa mtu tuliyemuamini, dashibodi ilionyesha betri nzima, tukafurahi, tukalipa. Wiki ya saba vipimo vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine mpaka tukabaki na gari la kilomita 70. Kumbe kompyuta ya betri ilikuwa imefutwa kumbukumbu kabla ya kuuzwa, ikawa inahesabu upya kana kwamba betri ni mpya, na ilihitaji wiki kadhaa kugundua ukweli. Iliniuma sana kwa sababu hela ile tuliikusanya miaka, na ningeijua njia ifuatayo nisingepigwa.

Njia ya kwanza, nunua kile kidude cha OBD cha Bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu ya simu inayosoma aina ya gari lako, kwa Leaf wengi wanatumia LeafSpy, usome ile namba ya SOH yaani afya ya betri kwa asilimia. Angalia pia tofauti ya volti kati ya seli moja na nyingine betri ikiwa imeshuka kwenye 20, kama kuna seli moja imeachwa mbali na wenzake hiyo ndo itakayokusimamisha njiani hata kama wastani unapendeza. Kwa Leaf usitegemee vile vimstari 12 vya dashibodi, cha kwanza kinapotea ukiwa umeshapoteza karibu asilimia 15, kwa hiyo vimstari 12 vinaweza kuwa betri ya asilimia 99 au ya 86.

Njia ya pili haidanganyiki kirahisi kama kidude hicho, maana inapima umeme wenyewe. Mwambie muuzaji unataka gari liwe kwenye 20, alafu ulichaji mpaka 80 kupitia chaja inayohesabu yuniti. Umeongeza asilimia 60. Chukua yuniti zilizoingia, zidisha kwa 0.88 kutoa zilizopotea, alafu gawanya kwa 0.6. Mfano limekula yuniti 21: mara 0.88 ni 18.5, gawanya kwa 0.6 unapata 31 hivi. Kama gari lilitoka kiwandani na 40 basi umebakiwa na asilimia 77. Ndo ukweli huo, na ukitofautiana sana na kilichoandikwa kwenye dashibodi ondoka. Muuzaji anayekataa kipimo cha masaa machache kwenye kitu cha thamani kama hiyo ameshakujibu.

Alafu angalia na haya, haraka haraka: inua kapeti ushike chini kama kuna unyevu au matope, gari lililozama usinunue kwa bei yoyote. Piga magoti uangalie sahani ya chini ya betri kama imebonyea. Chaji kwa AC (umeme kama wa nyumbani) na kwa DC (wa chaja za haraka) zote mbili ukiwa hapo, kuna magari yanauzwa mlango mmoja wa kuchajia umeshakufa. Na hakikisha aina ya plagi inafanana na chaja za kwenu, Type 2 na CCS2, au Type 1, au CHAdeMO, au GB/T ya China, au NACS, maana adapta ya umeme wa AC ni rahisi kupata lakini ya DC ni kazi nyingine, na CHAdeMO inazidi kupungua kwenye vituo vipya sehemu nyingi.

Waranti ya betri kwa magari mengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na ahadi yake ni kwamba isishuke chini ya asilimia 70. Miaka inaanza kuhesabiwa siku gari lilipouzwa jipya, haianzi siku uliyonunua wewe, na waranti nyingi zinaishia kwenye soko ambalo gari liliuzwa mara ya kwanza, kwa hiyo likivuka mpaka kama mtumba uliza kwa maandishi kama bado inafanya kazi.

Bei

Kwanza mafuta dhidi ya umeme, hesabu moja tu ya kukumbuka. Gari la petroli linalokula lita 7.5 kwa kilomita 100 linafananishwa na la umeme linalokula yuniti 18, gawanya 18 kwa 7.5 unapata 2.4. Maana yake lita moja ya petroli inakufikisha sawa na yuniti 2.4 za umeme. Basi chukua bei ya yuniti unayolipa kweli, zidisha mara 2.4, kama bei ya lita iko juu ya hapo umeme unakuokoa na tofauti hiyo ndo faida yako kwa kila lita uliyokuwa unanunua. Ukilinganisha na haibridi ya lita 4.5 namba inakuwa 4, yaani umeme lazima uwe nafuu zaidi ndo upate faida, na hapo ndo wengine watakuta haibridi inawafaa zaidi na hakuna ubaya. Kama nusu ya chaji yako itakuwa ya vituo vya njiani weka bei ya wastani wa nyumbani na ya kituo, usijidanganye na ya nyumbani peke yake.

Alafu panga gharama yote ya miaka mitano: bei ya kununua pamoja na ushuru na usajili, toa utakachopata ukiliuza, jumlisha chaja na fundi wa kuifunga, bima (iulize kabla, magari ya umeme mara nyingi bima yake iko juu kwa sababu kuyatengeneza baada ya ajali ni ghali), umeme, matairi, sevisi. Gawanya kwa kilomita utakazoendesha. Fanya hivohivo kwa gari la petroli ulilokuwa unalifikiria. Asiyeendesha sana, kilomita elfu tano sita kwa mwaka, mara nyingi atakuta hela aliyoongeza kununulia hairudi ndani ya miaka mitano. Anayeendesha elfu ishirini atairudisha.

Kinachoumiza kwenye magari haya ni kushuka thamani miaka mitatu ya mwanzo, magari mapya yanatoka kila mwaka na betri bora, ya nyuma yanaporomoka bei. Kwa mnunuzi wa mtumba hiyo ni neema. Gari la miaka mitatu minne lenye betri iliyopimwa ndo ningemshauri ndugu yangu achukue, maana aliyelinunua jipya ameshalipia anguko kubwa.

Na ukiwa na magari mawili ya aina moja mbele yako, gawanya bei kwa yuniti zilizobaki. La kwanza betri ya 40 yenye afya ya 90 ina yuniti 36, la pili yenye 75 ina 30. Hilo la pili lazima liwe chini kwa angalau asilimia 17, na mi naomba zaidi kwa sababu betri iliyoanza kuchoka haijapumzika kuchoka. Lakini kama zile 30 hazifikishi ule umbali wa wiki yako ulioandika kwenye daftari basi hata wakupunguzie nusu si gari lako.

Sevisi, kidogo lakini usiiruke

Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kuwasha, hakuna taiming belti wala egzosi. Watu wakisikia hivo wanaacha gari miaka minne bila kuliangalia, na hilo ni kosa.

Matairi ndo matumizi yako makubwa. Gari la umeme ni zito kwa kilo 200 mpaka 400 kuliko la petroli la saizi yake na linavuta kwa nguvu toka sifuri, kwa hiyo linakula mpira. Zungusha matairi kila kilomita 10,000, upepo uangalie kila mwezi, na ukinunua mapya angalia namba ya uzito pembeni ya tairi isiwe chini ya ile ya kiwandani, usiweke tairi la bei poa la gari jepesi kwenye gari la kilo 1,800. Mengi hayana spea tairi, kwa hiyo weka pampu na vifaa vya kuziba. Na ukienda kwa fundi wa pancha simama hapohapo umuonyeshe pa kuweka jeki, akiiweka katikati anabonyeza betri na hiyo gharama hataweza kukulipa.

Breki pedi zinadumu sana kwa sababu mota inarudisha umeme kwenye betri kila ukiachia mafuta, ila kutotumika nako ni ugonjwa, diski zinapata kutu na pini za kalipa zinaganda. Mara moja kwa wiki tafuta sehemu salama ufunge breki kwa nguvu kiasi, na kila mwaka fundi afungue asafishe na kupaka grisi. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, kutumia breki kidogo hakuzuii yasinyonye maji.

Betri ndogo ya volti 12, jamani, hii ndo inalaza watu njiani kuliko ile kubwa. Gari lina yuniti 40 zimejaa na haliwaki, kwa sababu swichi kubwa zinazounganisha betri kuu zinafungwa kwa umeme wa hii ndogo. Ipime kila mwaka, ikifika miaka minne ibadilishe bila kusubiri ife. Ikiisha unaweza kuamshwa na gari lingine kwa waya kama kawaida, lakini we usimuamshe mwenye petroli kwa gari lako, miongozo mingi inakataza.

Filta ya kabini kila mwaka, hasa mkiwa na mtoto mwenye kifua. Oili ya giaboksi ya mota na kulanti vifuate kitabu cha gari, na kulanti usiweke yoyote tu kwa sababu baadhi ya magari yanataka ile maalum isiyopitisha umeme kirahisi. Eyakondishena hapa nawaomba muwe wakali: kompresa yake inaendeshwa kwa umeme wa volti kubwa na magari mengi ya hivi yanatumia oili ya aina ya POE, fundi aliyezoea magari ya petroli akisukuma ile PAG anayotumia kila siku inaweza kupitisha umeme na gari likagoma kabisa kwa kuona umeme unavuja. Muulize kabla hajaunganisha mashine yake.

Waya za rangi ya chungwa ziacheni. Humo kuna volti 400 hivi, na kwenye magari kama Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6 zinafika karibu 800. Anayezigusa awe amesomea, awe na glavu zake, akate umeme kwenye swichi ya usalama na asubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye kapasita uishe ndo aanze. Fundi akikwambia "nitakuwa makini tu" tafuta mwingine. Na betri ikileta shida usikubali haraka kwamba inabadilishwa nzima, betri imegawanywa kwenye moduli, ile ya Leaf za mwanzo ina moduli 48, na fundi mzuri anaweza kubadili iliyokufa akaweka inayolingana na wenzake. Gari likigoma njiani libebwe juu ya lori, lisiburutwe matairi yanayoendeshwa na mota yakiwa chini, mota ikizungushwa inazalisha umeme na unaweza kuunguza vitu.

Ya safari na watoto

Kabla hujanunua ingieni wote, viti vya watoto vifungwe kabisa. Betri iko chini ya sakafu, kwa hiyo kwenye baadhi ya magari mtu mzima nyuma anakaa magoti yamepanda juu, na hilo hulioni ukiwa umekaa mbele. Waya wa kuchaji usiuweke chini ya mabegi, uwe wa mwisho kuingia, mara ya kwanza tulishusha mizigo yote usiku kwenye mvua kuutafuta. Njiani chaji kutoka 10 mpaka 80 alafu ondoka, baada ya 80 kasi inashuka sana na dakika za kufika 100 ungeshafika kituo kinachofuata. Usiishie kwenye kituo ambacho ndo cha mwisho unachoweza kukifikia, kikiwa kibovu mmelala hapo, kwa hiyo acha umeme wa kufika cha pili. Asubuhi washa eyakondishena au hita gari likiwa bado limechomekwa nyumbani, linapoa kwa umeme wa ukutani na betri inaondoka imejaa.

Jambo la mwisho ni la siku utakayoliuza, ila linaanza siku unayonunua. Kila mwaka tarehe ileile soma ile SOH, piga picha skrini pamoja na kilomita za dashibodi, weka na risiti za sevisi kwenye faili moja. Mnunuzi wako atakuja na woga uleule niliokuwa nao mimi, na akiona miaka mitano ya picha zinazoshuka taratibu bila kuruka ataona betri ilivyotunzwa, na bei utakayomtajia mtaizungumza mkiwa mnaangalia namba.